Jiko Linalomsubiri Mgeni Rasmi

Kengele ya kwanza haijagongwa, na tayari mstari wa watoto umefika kwenye banda la jikoni. Ni Jumatatu, na kila Jumatatu kila mwanafunzi huleta kuni moja. Jina ni kuni tu. Vinavyoletwa ni vipande vya mizizi, visiki vyenye udongo na vijiti vyembamba kama penseli. Mtoto mmoja wa darasa la kwanza ameleta mguu wa kiti.

"Baba anajua umechukua hiki?" anauliza mpishi.

Mtoto anatazama chini. Mpishi anacheka, anamrudishia. "Kirudishe, mwanangu. Usije ukanigombanisha na baba yako akianguka."

Kicheko hakidumu. Anainama kwenye mafiga, anapuliza, anakohoa, anapuliza tena. Mizizi mibichi haitaki kuwaka. Watoto wamempa jina la Mama Moshi, naye amelizoea kiasi kwamba akiitwa kwa jina lake halisi hageuki mara moja.

Sufuria zake zinalisha watoto wapatao mia sita. Posho yake ya mwezi haifikii bei ya gunia moja la maharage anayoyapika. Hilo amelizoea pia, na silo lililomfanya amwite mwandishi.

"Njoo nikuonyeshe kinachoniudhi," anasema, akijifuta macho kwa pindo la nguo.

Anavuka uwanja hadi stoo. Mlango una kufuli kubwa, lakini kioo cha dirisha kimevunjika, kwa hiyo kila mtu anaweza kuchungulia. Ndani, kati ya madawati mabovu, limesimama jiko la chuma linalomfika mtu mzima kifuani. Lina bomba lake la moshi na sufuria zake kubwa. Bado limevikwa nailoni na kufungwa utepe mwekundu. Lililetwa na wafadhili. Linawaka kwa magunzi ya mahindi, yale yale ambayo wakulima wa hapa huyachoma shambani ili kuyaondoa njiani.

Huu ni mwezi wa saba halijawashwa. Linamsubiri mgeni rasmi aje alizindue.

Irudie sentensi hiyo, msomaji, kama umedhani umeisoma vibaya.

Nyuma ya shule kuna mlima. Leo ni mwekundu na una makorongo, lakini Mama Moshi aliukuta mwingine kabisa. "Nilipoolewa huku, mle msituni kulikuwa na giza mchana," anasema. "Asubuhi ukungu unashuka mpaka uani, ukianika nguo zinashinda mbichi. Na chemchemi ilikuwa pale, kwenye yale mawe. Hii shule ilijengwa hapa kwa sababu ya yale maji."

Miti ilitunza maji, maji yakawaleta watu, watu wakajenga shule. Shule ikataka paa, madawati na chakula cha mchana. Kila mtoto akaambiwa alete kuni moja tu, na kuni moja ni kitu gani? Darasani walifundishwa kwamba haba na haba hujaza kibaba. Hakuna aliyewaambia kwamba haba na haba humaliza mlima pia.

Udongo ulipoanza kuteremka, watu wa bondeni walishangilia. Mahindi yao yalinenepa kwa rutuba ya bure, na familia nyingi zikahamia chini kuilima. Zikafyeka hata vichaka vya kando ya mto. Hazikuuliza rutuba ile imetoka wapi. Kisha udongo mzuri ukaisha. Mvua nazo zikawa zinachelewa, na zikija zinakuja zote kwa mkupuo, na mlima usio na kitu cha kuzishika ukaanza kuteremsha changarawe. Mashamba yale sasa yamefukiwa. Chemchemi imebaki unyevu tu juu ya mawe, na watoto wanakuja shuleni na kuni mkono mmoja na kidumu cha maji mkono wa pili.

"Mimi nimeupika ule mlima," anasema Mama Moshi bila kupepesa macho. "Sufuria baada ya sufuria. Niliambiwa pika, nikapika. Sasa wakubwa wanakuja na magari yao, wanatuweka juani, wanatuambia nyinyi ndio mnaoharibu mazingira. Amri ya kuni nilitoa mimi? Waliitoa wao, na mpaka leo hawajaifuta!"

Mwalimu mkuu, mtu mpole mwenye sauti ya chini, hakukana. "Jiko lipo, na tunashukuru," alisema. "Ila kuna taratibu. Wafadhili wanataka picha za uzinduzi. Kamati imesema lisiguswe. Sasa mgeni rasmi akija akakuta masizi, mimi nitasema nini?"

Mgeni rasmi huyo, ambaye ni mkubwa serikalini, alikuja mara moja akaishia njiani. Mvua ilikuwa imeshusha tope la mlima barabarani, na gari lake likageuza. Tope lile lilishuka kwa sababu visiki vilivyokuwa vinaushikilia mlima vimeng'olewa. Visiki vinang'olewa kwa sababu shule haina kuni nyingine, na shule inataka kuni kwa sababu jiko lake liko kifungoni. Mara ya pili alituma udhuru. Alikuwa kwenye semina ya utunzaji wa mazingira.

Wiki ile ya semina, mjukuu wa Mama Moshi, mwanafunzi wa darasa la nne, alipanda mlimani Jumapili jioni kuchimba kisiki ili asiadhibiwe kesho yake. Ukingo wa korongo ukakatika. Majirani walimfukua kwa mikono. Alitoka hai, lakini mkono wake wa kulia ulivunjika sehemu mbili.

Sasa mkono huo uko kwenye plasta, na yeye anajifunza kuandika kwa wa kushoto. Anakuja mbio jikoni na daftari.

"Bibi, leo nimeandika jina langu lote!"

"Hebu nione. Eh! Hizi herufi zimekunywa nini?"

Mtoto anacheka mpaka anakaa chini. Bibi yake anacheka naye, halafu anageukia ukutani na kulia.

"Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone," anasema baadaye. "Huyu wetu hajaja, na wenyeji tunavunjika mikono."

Aligoma siku moja. Hakuwasha moto, akakaa kwenye kigoda mbele ya banda. Lakini watoto ndio walioshinda na njaa, na wa kwanza kulala juu ya dawati alikuwa huyo huyo mjukuu wake. Kesho yake akarudi kupuliza mizizi.

Alikwenda pia kwa mwenyekiti wa kamati ya shule. "Akaniambia, mama, subira huvuta heri. Nikamuuliza, mwenyekiti, hii heri yako inavutwa na kamba ya urefu gani?" Mwenyekiti hakucheka. Alimwambia kwamba yeyote atakayeligusa jiko kabla ya uzinduzi ajihesabu hana kazi.

Hapo ndipo jambo lilipofikia. Akikaa kimya, wajukuu wa watu wataendelea kuchimba kingo za makorongo, na msimu wa mvua unakaribia. Akiligusa jiko, anapoteza posho inayomlisha yeye na mjukuu wake, ambaye wazazi wake hawapo.

Ameshachagua. Shemeji yake, fundi wa mabati, amechungulia dirishani na kusema bomba linahitaji tundu moja tu kwenye paa la banda. Kina mama wenye watoto shuleni wamekusanya magunzi, wameyarundika kwenye magunia nyuma ya nyumba zao. Na kufuli?

"Kufuli lao hatuligusi," anasema shemeji mtu, mwenye bisibisi mfukoni. "Mimi nafungua bawaba. Mlango unatoka na kufuli lake salama salimini."

Siku waliyopanga ni Jumatatu ijayo, na asubuhi hiyo watoto wataambiwa warudishe kuni nyumbani. Mwandishi alimwonya Mama Moshi kwamba habari hii ikitoka mapema, kamati itajua, na akamuuliza kama afiche siku.

"Usifiche. Mimi si mwizi, naenda kupika," alijibu. "Na kazi naipenda, usiandike kwamba siogopi. Usiku silali. Lakini jiko likishapata masizi, nani tena atalizindua? Wakinifukuza, sawa. Atakayeshika mwiko baada yangu atalikuta linawaka."