Mama Shaibu Aliyejisugua kwa Ndimu

Buswelu ina wanawake wasafi wengi, na kila mmoja atakuapia kwamba yeye ndiye namba moja. Hao wote ni wachafu waliooga tu, ukiwasimamisha karibu na Najat. Najat, mama yake Shaibu, anatembea na kikombe chake mwenyewe mkobani, kimeviringishwa kitambaa cheupe. Ukimkaribisha chai atakitoa, atakiweka mezani kama fundi anayetoa zana, na wewe mwenye nyumba utamimina bila kununa. Kitasa cha mlango wa watu anakishika kwa ncha ya mtandio. Akipeana mkono na mtu aliyetoka sokoni, vidole vyake vinabaki vimetanuka hewani, haviguswi wala havigusi, mpaka apate maji.

Alizaliwa mjini, upande wa Nyamagana, kwenye nyumba ya wauza vitambaa ambamo hata paka aliingia kwa adabu. Kazi yake ni kudarizi mashuka ya maharusi, meupe pe, na hakuna bibi harusi aliyewahi kulalamika kwamba kaona hata alama ya kidole. Mumewe Farouk alipojenga Buswelu, kiwanja kikapakana na cha nani? Cha Akeyo, mama yake Ogweno, mwanamke wa Rorya anayeuza dagaa na sangara wa moshi. Mungu naye ana utani wake.

Akeyo ananuka samaki. Hilo si tusi, ni taarifa. Samaki ameingia kwenye kucha, ameingia kwenye nywele, na hata gauni jipya la kanisani linasalimu amri kabla mwenyewe hajavuka lango. Mwaka mzima wa kwanza Najat alikuwa akimsalimia kutoka upande upepo unakotokea.

Kilichowaunganisha hakikuwa kitu kizuri. Raya, dada yake Najat, aliletwa kuuguzwa nyumbani kwa mdogo wake akiwa na saratani ya mlango wa kizazi, mambo yameshachelewa. Wanaojua ugonjwa ule ukifika mwisho wanajua harufu yake, na wasioijua wasiombe kuijua. Udi ulichomwa asubuhi hadi jioni, harufu ikapanda juu ya udi na kukaa. Mashangazi walikuja wakaishia barazani, dua wakaisomea huko huko. Najat mwenyewe, ndugu wa tumbo moja, aliingia na pumzi ameibana, akabadili shuka, akatoka mbio kwenda kutapika nyuma ya choo. Aliyevuta kigoda na kukaa kichwani pa mgonjwa ni Akeyo, akimsimulia umbea wa mwaloni, kule samaki wanakoshushwa, mpaka Raya akacheka na meno yake yote.

"Pua yangu ilikufa zamani, Mama Saibu," alimwambia Najat, maana ulimi wake na herufi ile ya kwanza ya Shaibu hawajawahi kuelewana. "Nenda kapumzike."

Raya akafa. Najat akalichoma godoro moto, akasugua sakafu ya chumba kile hadi saruji ikaanza kubanduka. Lakini kuna kitu kimoja hakuweza kukisugua. Raya alipoanza kuona matone ya damu baada ya kukutana na mumewe, alimnong'oneza mdogo wake kwanza kabla ya mtu mwingine yeyote. Na mdogo wake alimjibu nini? Alimwambia aoge vizuri.

Sasa mwaka huu, Ramadhani ilipokwisha, Najat akaona tone kwenye shuka lake mwenyewe. Jekundu, dogo, limekaa katikati ya weupe kana kwamba limekuja kuposa. Akalifua. Likarudi wiki iliyofuata. Alikoga, akatawadha, akakoga tena, akasali huku hana hakika kama sala inapanda au inaishia kwenye bati. Hakumwambia Farouk. Alimwambia Akeyo, penye uzio wa mabanzi, kwa sauti ya mtu anayekiri kula nguruwe.

Akeyo hakuzunguka. "Nenda kituo cha afya wakuchungulie. Mimi nilikwenda mwaka jana."

"Inauma?"

"Haiumi. Nilikuwa nimelala pale nawaza dagaa wangu kama mvua imewakuta juani. Nikastuka naambiwa vaa."

"Wanatumia nini?"

"Kidude cha chuma, kinafunguka kama taya za sangara. Halafu wanapaka siki, wanaangalia kama pana weupe. Basi."

Najat aliondoa mkono wake kwenye uzio. Taya za sangara. Na siki, ile ile ya kachumbari. Lakini alimkumbuka Raya, akasema atakwenda.

Sasa sikilizeni ujinga wa mtu msafi. Usiku kucha hakuwaza saratani. Aliwaza nesi. Aliwaza mwanamke wa watu, asiyemjua, anainamisha uso wake pale na kuona, au Mungu apishe mbali, kunusa. Asubuhi akajifungia bafuni. Akaanza na sabuni ya kufulia mashuka. Akafuata na ndimu zilizokatwa nusu nusu. Akamaliza na shabu, lile jiwe la chumvichumvi ambalo wanawake hushauriana chini kwa chini kwamba linakaza na kukausha. Alisugua ndani kama anayesugua sufuria ya pilau iliyoungua. Alipotoka alikuwa anatembea kama bata, lakini moyoni ameridhika. Nesi ataona mtu aliyelelewa anafananaje.

Kwenye benchi la kituo wanawake walikuwa wakipeana habari. Mmoja mnene alisema ni kama kufinywa. Mwingine akasema yeye mara ya kwanza alilia na mara ya pili hakuhisi kitu, sijui walibadili kidude au alibadilika yeye. Bibi mmoja akasema alipokoma hedhi ndipo ikaanza kumuuma, zamani ilikuwa mchezo. Najat alikaa ukingoni mwa benchi, kwa tako moja, ili asishiriki jasho la watu.

Chumbani alimkuta Sista Dorotea, mama wa makamo mwenye miwani. Harufu ya dawa ya kusafishia sakafu, ya mpira, na chini yake siki. Pembeni ndoo yenye mfuniko usiofunga sawasawa, na Najat aliangalia pale penye uwazi ingawa alijikataza. Pamba imeloa. Akaambiwa apande. Mpira wa kitanda ulikuwa umefutwa na kung'aa, lakini alipolaza makalio akakuta una joto. Joto la mwanamke mnene wa kufinywa. Ngozi yote ya Najat, kuanzia kisogoni mpaka unyayoni, ilitaka kuhama ikaishi kwa mtu mwingine.

"Legeza magoti, mama," alisema Dorotea.

Ukimwambia mtu wa aina hiyo alegeze, anakaza. Chuma kikaingia mahali palipokauka kama kitambaa cha kupigia pasi, kikakwaruza, kikafunguka. Najat aliuma ncha ya mtandio. Kisha ikaja siki. Ikafika pale ndimu na shabu zilipokwisha kuchubua, na kilichotokea hakina jina zuri. Ilikuwa kama kaa la moto limewekwa mahali ambapo hata maji huwa yanapita kwa kuomba ruhusa. Akapiga ukelele, kisigino kikapiga trei, vyuma vikatawanyika sakafuni vikilia kama kengele za shule, na kile kilichokuwa ndani Dorotea aliwahi kukitoa kabla Najat hajaruka.

"Mama, sijaona kitu. Hatujamaliza. Pumzika kwanza halafu..."

Najat alikuwa ameshafika nje, khanga kaifunga kinyume, benchi zima linamtazama. Wawili wakanyanyuka wakaenda zao.

Jioni alisimama penye uzio.

"Ulisema haiumi."

"Haiumi," alisema Akeyo, akigeuza dagaa.

"Nimechomwa moto, mama Ogweno. Moto."

"Labda nyie wa mjini nyama zenu laini. Mimi mwanangu Princess nilimzaa mwaloni juu ya magunia. Nikafunga gunia la mwisho, ndipo nikalala."

"Basi wewe si mtu, ni jiwe kama yale ya ziwani. Tena unanuka."

Miaka yote ile neno hilo lilikuwa halijavuka uzio. Akeyo aliacha kugeuza dagaa. Alimtazama jirani yake bila hasira, na hiyo ndiyo mbaya zaidi.

"Dada yako hakuwahi kuniambia hivyo," akasema, akaingia ndani.

Wakaacha kusalimiana. Matone hayakuacha. Na sasa pua ya Najat ikaanza kumsumbua. Alinusa shuka, akaona kama ile harufu ya Raya ipo. Akafua, akanusa, ipo. Akamwita Farouk anuse.

"Nasikia sabuni," alisema Farouk.

"Chini ya sabuni."

"Chini ya sabuni kuna sabuni nyingine, Mama Shaibu. Una nini lakini?"

Najat alikwenda kukaa kwenye chumba kile cha Raya, akaona sakafu iliyobanduka, akajua kwamba yuko njiani kuja kulala humo, na safari hii hakuna atakayevuta kigoda, kwa kuwa mwenye pua iliyokufa keshatukanwa. Akatoka na beseni lake uani, akaanza kukata ndimu.

Akeyo alikuwa upande wa pili anaanua samaki. Alivumilia kunyamaza kwa muda ambao mwanamke wa Rorya anaweza kuvumilia, ambao si mrefu.

"Unatengeneza achari?"

"Najisafisha."

"Kwa ndimu? Wapi?"

Najat aliangalia chini. Akeyo naye akaangalia huko huko chini, akaelewa, akaweka ungo wake.

"Mama Saibu. Hata siku ile ulipokwenda?"

"Siku ile niliongeza shabu."

Akeyo alipitisha mkono kwenye mabanzi, akamwonyesha kidole chenye makovu. "Mwiba wa sato ukinichoma hapa, kisha ndimu ikadondokea, mimi huyu jiwe lako nalia mpaka wateja wanaondoka. Wewe umejichuna mwenyewe, ukaenda kupakwa siki. Ulitegemea nini, marhamu ya kupoza?"

Najat alitaka kucheka, kikatoka kitu kingine. Alilia kwa kwikwi, kichwa kakiegemeza kwenye banzi bila hata kulifuta kwanza.

"Yale niliyokwambia," akasema.

"Nanuka, ni kweli. Jumatatu twende wote. Na usiguse ndimu tena, utaniudhi."

Siku hizo za kungoja zilikuwa mateso. Maji matupu tu, nje tu. Jumatatu alipanda kitanda kile akijiona kama sufuria isiyooshwa iliyopelekwa mezani kwa wageni. Sista Dorotea alimkumbuka, maana trei lilikuwa na bonde. Alimuuliza alijisafisha na nini, akasikiliza hadi mwisho, akavua miwani akaifuta.

"Ndani panajisafisha penyewe, mama. Mnavyosugua mnachubua. Lakini nisikudanganye, wapo wanaoumia hata bila ndimu, na wapo kama huyu rafiki yako wanaolala usingizi. Miili haifanani. Leo natumia hiki chembamba, nimekilowesha maji ya uvuguvugu. Ukisema simama, nasimama."

"Mpira una joto," alisema Najat.

Dorotea hakumcheka. Alitandika khanga ya Najat mwenyewe juu yake. Akeyo akasimama kichwani, akaweka mkono begani, na mkono ule ukatua sentimita chache kutoka puani. Dagaa wa jana, sangara wa juzi, moshi wa mwaka mzima. Chuma kikaingia, kikavuta, tumbo la chini likakaza kama siku ya kwanza ya hedhi. Akasema simama; kikasimama. Akapumua, na pumzi ikamjaa samaki mpaka machozi. Akasema endelea. Siki iliwasha kama pilipili iliyoliwa kwa bahati mbaya, na nusu ya akili yake ilikuwa imeshughulika kumchukia sangara.

"Kuna weupe hapa," alisema Dorotea. "Mdogo. Haujawa saratani, ila ukiachwa unaweza kuwa. Tunauchoma leo leo kwa kifaa cha moto. Utasikia maumivu kama ya hedhi, yatapita."

Yalipita, ingawa hayakuwa na haraka. Kisha wiki kadhaa majimaji yakamtoka, ya rangi ya chai iliyozidi maji, akavaa vitambaa na kuvitazama kwa kinyaa ambacho hakuna kamusi inayokitosha. Farouk akaambiwa akalale upande wake. Ndimu zikaozea kikapuni. Matone yakakoma, na shuka zikanuka sabuni, na chini ya sabuni, sabuni.

Msidhani amebadilika. Kikombe bado anacho mkobani. Juzi alikitoa kwa Akeyo, akamiminiwa chai, na sangara akaelea juu yake kwa harufu, akainywa yote huku uso umekunjamana kama amemeza kiwavi. Princess, yule wa magunia, alikuwa hapo. Sasa ni mke wa mtu huko Nyegezi, na kesho yake alikuwa na miadi ya kupima.

"Shikamoo, Mama Shaibu. Eti inauma?"

"Haiumi," alisema Akeyo.

"Marahaba. Inauma," alisema Najat.

Wakatazamana. Princess akageuza shingo huku na huku, anangoja mmoja ashinde.

"Nenda ukajionee mwili wako," alisema Najat, akipangusa kikombe. "Ila ndimu waachie samaki wa mama yako."