Gumba Lililokosa Kazi

Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa na vidole sita mkono wa kushoto. Mume wangu, msomi wa familia, karani wa ofisi yenye feni, akapata ufumbuzi papo hapo: soksi. Nasema kweli. Soksi ya mtoto, avalishwe mkononi, katika joto la Mtwara, wakati hata kuku wa mtaani kwetu Chuno walikuwa wakijificha uvunguni mwa vitanda vya watu. "Mama asijue," akasema. Mtu aliyebishana na wakubwa wake ofisini mpaka meza zikagongwa, kwa mama yake alikuwa mtoto wa darasa la kwanza.

Na mimi nilikuwa na hofu yangu, tena kubwa kuliko yake. Miaka ile ya mwanzo ya sabini, kidole cha ziada kilifungwa uzi. Unakazwa pale shinani, damu isipite, kidole kinageuka cheusi, mwisho kinadondoka. Nilishamwona mtoto wa jirani akifanyiwa hivyo, na kilio chake sikukisahau. Tena kidole cha binti yangu hakikuwa kinyama cha kuning'inia. Kilikuwa na kucha, kinajikunja, kinashika. Muuguzi hospitalini alikitazama akasema hakina neno, kiacheni. Lakini uzi haukuwa kazi ya muuguzi. Ilikuwa kazi ya bibi, mama mzaa baba, na bibi huyo alikuwa njiani kutoka kijijini kwao Ziwani.

Alikuja kutazamwa macho. Mtoto wa jicho alikuwa amemziba pande zote mbili, akabaki kuona mwanga na vivuli tu. Akaingia na kikapu cha makopa ya muhogo na korosho, na kabla hajaonyeshwa pa kukaa akauliza mjukuu yuko wapi.

Sasa taabu ya watu wetu ni kwamba hawajui kumsalimia mtoto bila kumchezea vidole. Hodi, karibu, haya leta mkono. Jirani, mkono. Shangazi, mkono. Muuza samaki, beseni bado liko kichwani, naye mkono! Kila mmoja ana wimbo wake, na kila mmoja anaamini wa mwenzake umeharibika. Mama mmoja ambaye watu wake walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji alikuwa akianzia gumbani. Wenzake wakamwambia atamkuza mtoto kinyumenyume. Mimi nawapa mkono wa kulia, nacheka nao. Wa kushoto uko ndani ya soksi, eti una jipu. Jipu hilo lilikaa miezi na halikuiva, na wote wakasema pole kwa adabu kabisa, wakaenda kulijadili nyumbani kwao.

Wimbo wa mama mkwe ulizishinda nyimbo zote. Aliuimba kwa Kimakonde, halafu ananifasiria. Unaanzia kidole kidogo: huyu kaenda shamba, huyu kang'oa muhogo, huyu kaumenya, huyu kaupika, na huyu gumba, mnene, mvivu, kaula peke yake! Hapo vidole vyake viwili vinapanda mkono wa mtoto kumtafuta mlafi huyo hadi kwapani, na mtoto anacheka mpaka anashikwa na kwikwi. Nilimwuliza mume wangu yeye katika wimbo ule ni nani, maana kila jioni alikuwa ufukweni Shangani akipunga upepo, anarudi chakula kiko mezani. Akasema ofisini siku hizo kazi ni nyingi.

"Mkono wa kushoto bado tu?" mama mkwe akawa ananiuliza kila asubuhi.

"Bado, Mama."

"Maskini, mjukuu wangu."

Alasiri moja nikaenda bombani. Narudi na ndoo kichwani, nasikia wimbo uani. Mama mkwe amekaa mkekani, mtoto yuko mapajani, soksi iko chini, na mkono alioushika ni wa kushoto.

Kaenda shamba, kang'oa, kaumenya, kaupika, kaula. Akasita. Gumba limebaki. Akalipapasa, akaguna, akaanza upya. Aliyekwenda shamba alikuwa yule wa sita, wa pembeni kabisa, kwa hiyo kila mmoja akasogezwa kwenye kazi ya mwenzake, na muhogo ukaliwa na kidole cha shahada. Gumba likakosa kazi tena. Akarudia polepole. Mtoto alikuwa akingoja kutekenywa, hatekenywi, akaanza kununa.

"Nani hapo? Ni wewe, mwanangu?"

"Ni mimi, Mama."

"Wimbo umenitoka. Kuna mmoja nimemsahau. Labda alikuwepo wa kutwanga?" Uso wake ulikuwa ukinitafuta huku na huku. "Nimewachezea wanangu wote wimbo huu. Macho yamekwenda, sawa, nimekubali. Na kichwa nacho?" Machozi yakamtoka.

Loo! Na mimi nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi tangu mtoto azaliwe, maneno makali ninayo, nimeyapanga. Ilitosha ninyamaze tu, yeye aendelee kujiona anachanganyikiwa, kidole kisalimike. Uzalendo ukanishinda.

"Mama, wimbo ni mzima. Mtoto ana vidole sita."

Akavipapasa kimoja kimoja, akafika kile cha pembeni, akakibana kidogo. Nikatua ndoo, nikasogea karibu niwe tayari kumnyakua mwanangu.

"Kinanishika," akasema. Halafu sauti ikabadilika. "Na nyinyi mkanificha?"

"Soksi aliileta mwanao, Mama." Sikuona sababu ya kuzama peke yangu.

Akakaa hapohapo mkekani mpaka karani alipoingia kutoka matembezini, kalamu mfukoni, suruali imenyooshwa kwa pasi.

"Kaa hapa," mama yake akamwambia. "Leta mkono. Wa kushoto."

Bwana mkubwa akakaa mkekani na suruali yake. Mama hakuanzia kidole kidogo. Alianzia pembeni ya kiganja, penye kijinundu ambacho mimi, mke wake, siku zote nilidhani ni sugu.

"Huyu kaenda shamba," akasema, akikibonyeza. "Huyu tulimfunga uzi."

Mume wangu akautazama mkono wake kana kwamba ameuazima. Akakibonyeza kijinundu mwenyewe, msomi wetu, kama mtu anayekagua muhuri.

"Nilikuwa msichana tu," mama mkwe akasema. Hakuwa akizungumza naye, alikuwa akizungumza na mimi. "Mama mkwe wangu ndiye aliyeleta uzi, nikaogopa kukataa. Mimi nikamshika mtoto, yeye akafunga. Mtoto alilia mpaka sauti ikakauka." Akakipapasa tena kidole cha mjukuu wake. "Wewe ningekuletea uzi ungekubali?"

"Hapana, Mama," nikamwambia. "Tungegombana mpaka Chuno nzima ijae hapa uani."

Akatikisa kichwa taratibu, mkono wa mwanawe bado ameushika.

"Laiti na mimi ningeligombana," akasema.