Mama Mabomba na Mlio wa Pili

Asubuhi ya mwisho ya kawaida, Mama Mabomba aliamka kabla ya mumewe, akaulaumu mkaa kwa kushika unyevu. Mumewe, fundi mwashi, alikuwa ameketi kitandani akitafuta soksi ya pili.

"Umezivaa zote mguu mmoja," mkewe akamwambia kutoka mlangoni.

Fundi akatazama. Ilikuwa kweli.

Walikunywa chai. Walikuwa wameishi pamoja muda mrefu, maneno makubwa yalikwisha kitambo. Yalibaki ya chumvi, ya mvua, na ya nani afunge dirisha. Mama Mabomba akavaa buti zake za mpira, akachukua brashi ya mpini mrefu.

"Mlango wa choo unalia," akasema.

"Nitautia mafuta."

"Ulisema hivyo mwaka jana."

"Mwaka jana nilikuwa kijana."

Akacheka kidogo, akatoka. Hakugeuka nyuma. Hakuwa na sababu ya kugeuka.

Kabla ya adhuhuri mlinzi wa kazini kwake alimkuta ameketi kwenye kokoto, ameegemea ukuta mfupi wa zege, brashi mapajani. Hospitali walisema ni presha. Aliishi mpaka kesho yake, lakini hakuweza kusema tena.

Mahali alipokutwa palikuwa kituo cha kusikiliza anga. Vyombo vya pale vinasikia kitu kikipasuka juu ya nchi ya tatu. Siku ile havikuandika chochote. Mtu akiketi chini polepole hatoi sauti ya namna hiyo.

Kituo kilikuwa nje kidogo ya mji, ndani ya uzio wa waya. Hakikuwa na kitu cha kumfurahisha mgeni. Palikuwa na nyumba ndogo ya ofisi, na vichakani vijumba vinne vya zege vilivyoachana mbali, vifupi kiasi cha mtu kuweza kuvikalia. Kila kijumba kilikuwa na chombo ndani. Kutoka kwenye chombo mabomba yalitandazwa pande zote juu ya kokoto, kama njiti za gurudumu la baiskeli, na ncha zake zilikuwa na vitundu vyenye wavu. Watu waliviita vijumba vile masikio.

Masikio hayo yalipokea milio mizito ambayo binadamu haisikii. Jiwe la mbinguni likiingia angani kwa kasi likapasuka, au kipande cha roketi kuukuu kikirudi duniani kikiwaka, hewa hutikisika, na mtikisiko huo hufika mbali sana. Kituo kiliuandika kikapeleka habari makao makuu. Huko walilinganisha na vituo vingine wakajua kitu kimepita wapi na vipande vimeelekea wapi. Mabomba yalikuwa ya kuuchosha upepo. Upepo huja vipande vipande, huku kidogo, kule kidogo. Ukiingia kwenye vitundu vingi kwa pamoja unajifuta wenyewe, lakini mlio wa mbali huingia mzima.

Kazi ya Mama Mabomba ilikuwa kuhakikisha vitundu viko wazi, na ndiyo iliyompa jina. Alifyeka majani, akamwaga maji yaliyotuama, akabadilisha wavu uliooza. Adui yake mkubwa alikuwa nyigu wa udongo. Nyigu akiona kitundu haulizi ni cha serikali au cha nani. Anajenga.

Siku za mwanzo Fundi aliuliza kwa nini kituo kina masikio manne wakati mtu anamudu na mawili.

"Ukirudi umelewa," mkewe akamjibu, "mbwa wa jirani anakusikia kwanza, halafu jirani, halafu mimi. Kwa kufuatana huko najua umetokea barabara ipi."

Fundi hakuwa mlevi, lakini alielewa.

Kwao Mama Mabomba walikuwa watatu: dada mkubwa, yeye, na kitinda mimba wa kiume ambaye Mama Mabomba alimbeba mgongoni utotoni. Huyo mdogo alikuwa mlipuaji kwenye machimbo ya mawe, upande wa pili wa mji. Wote walimwita Baruti. Alikuwa mcheshi, mikono yake haikutetemeka kazini, na hakupenda kuulizwa mambo. Kila alipolipua miamba, masikio ya kituo yaliandika. Ukawa utani wa nyumbani.

"Dada, jana ulinisikia?"

"Nilikusikia. Ulikohoa mara mbili. Kanywe dawa."

Basi siku moja ya mapumziko, miaka kadhaa kabla ya Mama Mabomba kufariki, mchana kweupe, mbingu ikapiga mshindo. Fundi alikuwa anakula. Vioo vililia, sufuria ikashuka rafuni, mji mzima ukatoka nje. Waliokuwa barabarani walisema wameona mstari mweupe wa moshi juu, umepinda. Waliokuwa ndani hawakuona kitu, na waliokuwa ndani ndio wengi.

Asubuhi yake zahanati ikakutwa na ufa kwenye wodi ya akina mama, kutoka dirishani mpaka sakafuni. Watu wakasema ni machimbo. Siku ya mapumziko ilikuwa marufuku kulipua. Meneja wa machimbo akaitwa na wazee wa mji, akarudi amekunja sura, akamwita Baruti. Akimkuta na kosa, alisema, kazi hana, na ufa ataulipia yeye. Baruti akaapa mbele ya meneja, na jioni mbele ya ndugu zake, kwamba siku ile hakugusa hata waya.

"Machimbo yana meneja," alisema. "Mbingu haina. Ndiyo maana wananishika mimi."

Dada mkubwa akamgeukia Mama Mabomba. "Wewe una masikio manne. Mtetee mdogo wako."

Mama Mabomba alifurahi. Aliona kazi yake yote ya kugombana na nyigu imepata maana nyumbani.

Wiki hiyo Fundi alikuwa na kibarua cha kupiga lipu kijumba cha pili, kwa hiyo aliyaona yaliyofuata kwa macho yake. Mtaalamu wa kituo, dada kijana mwenye sauti ya chini, aliwaita ofisini akawaonyesha mistari kwenye kompyuta.

"Hiki ndicho, mama. Kimeanzia huku, kikahamia huku. Machimbo hayahami. Ni kipande cha roketi, na vituo vingine wamekipata."

"Basi ameokoka," Mama Mabomba akasema.

"Ngoja kidogo." Mtaalamu akausogeza mstari mbele. "Kuna hiki kidogo baada yake. Hiki kimetoka machimboni. Nakijua, nakiona kila wiki."

Mama Mabomba akauliza kama nyigu wanaweza kufanya kitu cha namna ile.

"Hapana, mama."

"Na upepo?"

"Hapana. Meneja wa machimbo ameomba kuja keshokutwa kuangalia mwenyewe. Nitamwonyesha alichokuja kukiangalia."

Mama Mabomba akashika brashi yake akaenda kusafisha sikio la nne. Alikuwa amelisafisha asubuhi.

Jioni Baruti aliitwa nyumbani kwa dada yake. Alikuja anapiga mluzi. Mama Mabomba alikuwa anachambua mchele uani, hakuinua uso.

"Ulilipua nini siku ile?"

"Nimeshaapa, dada."

"Najua umeapa. Nauliza ulilipua nini."

Mluzi ukakatika. Baruti akamtazama shemeji yake, na Fundi akautazama ukuta wake mwenyewe, kama mtu anayetaka kuupaka rangi.

"Kulikuwa na tundu limegoma," Baruti akasema mwishoni. "Tulilipua juzi yake, moja halikuwaka. Baruti imo ndani, waya umo. Watoto wanakatiza pale wakienda mtoni. Kuripoti nilichelewa, na ukiripoti tundu lililogoma wanakukata mshahara. Nikaenda siku ya mapumziko peke yangu, nikaweka bendera, nikawa nasubiri pawe kimya. Mara mbingu ikapiga. Nikasema, kelele imeshakuwepo, na mimi nipitishe yangu humo humo."

Fundi alishindwa kujizuia, akacheka. Baruti naye akacheka. Mama Mabomba hakucheka.

"Ufa si wako," akasema. "Ufa ni wa juu. Hilo watalionyeshwa. Sasa wewe nenda kwa meneja, mwambie hili la tundu kwa mdomo wako."

"Ili nifukuzwe?"

"Ili usikutwe."

"Dada, wameuliza mlio mkubwa. Waonyesheni mkubwa. Mdogo nani ameuliza?"

"Bado hawajauliza."

"Basi." Akasimama, akajikung'uta suruali. "Mimi na wewe tumenyonya ziwa moja. Hiyo mitambo umenyonya nayo wapi?"

Akaenda zake. Mchele ulichambuliwa mara mbili siku ile.

Meneja alipokuja kituoni alimleta Baruti pamoja naye. Ofisi ilikuwa ndogo, wakasimama wamebanana. Mama Mabomba alikuwa mlangoni na buti zake, Fundi nje ya dirisha na mwiko. Mtaalamu akaonyesha mlio mkubwa, akaeleza ulivyohama kutoka upande mmoja wa anga kwenda mwingine. Meneja alisikiliza vizuri. Akashusha pumzi.

"Kwa hiyo ufa umetoka juu."

"Mlio umetoka juu," mtaalamu akasema. "Ufa waulizeni mafundi."

Meneja akatabasamu, akampiga Baruti begani. Alikuwa ameshageuka kutoka, akakumbuka jambo.

"Na machimbo yangu siku ile hayakusikika kabisa?"

Mtaalamu akamtazama Mama Mabomba. Mama Mabomba akamtazama mdogo wake. Alimtazama kwa muda, bila kukasirika, vile mtu anavyomngoja mtoto amalize kufunga viatu. Baruti aliangalia chini. Fundi aliona nafasi ilikuwa wazi kwa Baruti kusema neno moja, na neno halikuja.

"Yalisikika," Mama Mabomba akasema. "Baadaye. Mara moja, kidogo."

Ndivyo ilivyokuwa. Suala la ufa liliisha, mji ukapata kitu kingine cha kuzungumza. Baruti alitolewa kwenye ulipuaji kwa kulipua bila ruhusa na kwa kuapa uongo. Walimpa kazi ya kupakia mawe kwenye malori, mtu aliyezoea bendera na king'ora na watu kukimbia akinyoosha mkono. Nje ya lango la kituo alimwambia dada yake maneno mawili tu: "Umenizika, dada." Kisha akampa kisogo.

Dada mkubwa alikuja nyumbani, akabaki amesimama, hakukubali kiti.

"Masikio ni ya serikali, tumeelewa. Na mdomo nao ni wa serikali?"

"Mdomo ni wangu," Mama Mabomba akasema.

"Basi kaa nao."

Akakaa nao. Ndugu wakigombana shika jembe ukalime, walisema wahenga. Fundi hakuwa na shamba, akashika mwiko. Hakuingilia. Lakini aliona. Aliona mkewe anapika chakula kingi kuliko midomo iliyopo, anakifunika, anampa mpita njia akifikishe kwa Baruti. Vyombo vilirudi vimeoshwa, bila salamu. Baruti alipita mbele ya nyumba yao kwenda kazini miaka yote ile, akiwa upande wa pili wa barabara, jua likimpiga, wakati kivuli kilikuwa upande wao.

Mara moja tu Fundi alijaribu.

"Mwombe msamaha, mke wangu. Neno halivunji mfupa."

"La kitu gani?"

Mkewe akaendelea kusugua buti zake kwa kijiti, udongo wa nyigu ukidondoka. Baadaye kidogo akasema jambo juu ya mdogo wake, akaongeza: "Akikuuliza, mwambie. Asipouliza, nyamaza. Maneno ya kubebewa hufika yamepinda."

Baruti hakuuliza. Fundi akanyamaza, na kunyamaza hakukumpa taabu. Alikuwa mwashi, si mshenga.

Siku ya mazishi Baruti alichimba kaburi. Hakuna aliyemwomba. Alifika na sululu yake, akawasogeza vijana, akachimba mpaka kwisha, kuta zimenyooka kama za mtu aliyesomea. Dada mkubwa alilia kwa sauti. Baruti hakulia.

Watu walipotawanyika alibaki akipanga viti vya kukodi, kimoja juu ya kingine. Alivipanga vyote. Halafu hakuwa na cha kufanya. Akaja akaketi karibu na Fundi kwenye ngazi ya mlango, akitazama viganja vyake.

"Shemeji."

"Naam."

"Walinitoa kwenye kazi nikiwa naijua kuliko wote. Nilimchukia sana."

"Nilikuona unapita juani."

Baruti akavisugua viganja.

"Aliniona mtu wa namna gani? Alisema nini? Usinipambe, shemeji. Nipe kama alivyosema."

Fundi hakuwa na haja ya kukumbuka. Neno lile alikuwa amelitunza kama lilivyotoka, hakulipunguza, hakulitia chumvi. Akasema mkewe alikuwa anasugua buti, akanyanyua kichwa, akasema hivi:

"Lile tundu hata mimi nisingeliacha, na watoto wanapita. Ningelilipua. Ila ningesema."