Asubuhi Walipompita Bibi Kimya

Mwezi uliopita nilirudi nyumbani, chini ya milima ya Uluguru, kuezeka upya nyumba ya bibi. Alfajiri ya kwanza nikasikia viatu kwenye changarawe. Watu wengi walikuwa wanakimbia, wanateremka kutoka chuoni, na hakuna hata mmoja aliyekuwa anaimba. Nikajitanda khanga, nikaenda kumgongea jirani.

“Nani amefariki?”

Jirani, ambaye nimekua naye, alicheka mpaka akashika ukuta. “Hajafa mtu, wewe! Ndivyo wanavyokimbia siku hizi. Kila mmoja na muziki wake sikioni.”

Ngoja nikueleze kwa nini niliuliza, usije ukadhani nimechanganyikiwa.

Tulipokuwa watoto, nyumba yetu haikuwa na haja ya jogoo. Wiki za kuelekea mashindano ya vyuo, timu zote za chuo kile zilikimbia mchakamchaka kwa pamoja: mpira wa miguu, netiboli, riadha, hata wale wa bao ambao sijui walikuwa wanakimbilia nini. Aliyeanzisha nyimbo alikuwa kapteni wa netiboli, dada mmoja mrefu kutoka Kanda ya Ziwa, ambaye sauti yake ilikuwa inafika kabla yake. Milima bado imejifunika ukungu, moshi wa kuni umeshaanza kupenya kwenye makuti ya jikoni, na sisi wajukuu tunagombania shuka, mara tunamsikia.

“Bibi wa magimbi, hodi!”

Bibi alikuwa ameshaamka zamani. Alisimama mlangoni na sufuria ya magimbi ya kuchemsha, yanatoa mvuke, akajibu kwa lafudhi yake ya Kiluguru ambayo wanachuo walipenda kuiigiza. “Karibuni! Mmekuja na nini?”

“Jasho!”

“Jasho halichemshi gimbi!”

Hapo kundi zima linaangua kicheko, wanapokea magimbi huku wanarukaruka mahali pamoja ili miili isipoe, wanayahamisha mkono huu kwenda ule kwa moto. Mwalimu wao wa michezo alikuwa anakasirika. Alisema mchezaji hali huku anakimbia. Bibi akamwambia hata gari linatiwa mafuta njiani, na siku ya pili yake mwalimu naye alikuwa anatafuna.

Desturi nyingine ya timu zile ilikuwa hii: penye msiba hawakuimba. Wakikaribia nyumba iliyofiwa walinyamaza wote, wakapita kwa mlio wa viatu tu, na wimbo ukaanza tena wakishavuka. Sisi tuliokuwa kitandani tulijua mtaa umepatwa na jambo kabla hata ya kengele ya kanisa. Watu wazima waliisifu sana heshima ile. Bibi peke yake hakuipenda.

Asubuhi moja alimshika kapteni mkono. “Mimi nikifa, msinipitie kimya kama mnampita msiyemjua. Imbeni. Nataka niondoke nawasikia.”

“Bibi, wewe hufi leo wala kesho.”

“Sijakuuliza nitakufa lini. Niahidi.”

Dada yule akaacha kucheka. “Haki ya Mungu, bibi. Tutaimba.”

Bibi alifariki masika iliyofuata, baada ya kuugua kifua kwa muda mfupi tu. Kapteni alikuja msibani jioni ile ile, amejifunga khanga juu ya nguo za mazoezi, akapiga magoti mbele ya mjomba. Kwetu sisi Waluguru mjomba ndiye mwenye msiba, akisema amesema. Kapteni akamweleza ahadi yake. Mjomba alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, “Asante mwanangu, lakini msiba si uwanja wa mpira. Watu watatuonaje?”

Mama alikuwa pembeni. Alijua kila kitu, kwa kuwa siku ile ya ahadi yeye ndiye aliyekuwa anamenya magimbi. Aliinamisha kichwa, akaendelea kuchambua mchele wa msiba. Kapteni akasema, “Sawa, mjomba.” Angesema nini, mtoto wa watu?

Usiku ule nililala mkekani kati ya wanawake. Alfajiri nikasikia viatu. Nilijiambia, dada yule kaapa, ataimba tu, mjomba atakasirika na yataisha. Viatu vikakaribia. Vilipofika mlangoni kwetu vikapunguza mwendo, nikasikia mtu anakohoa, anasafisha koo. Kisha viatu vikaendelea, mpaka kwenye daraja, na huko mbali ndipo wimbo ukaanza.

Tukamzika mchana, nyuma ya migomba, hatua chache kutoka barabarani. Mjomba naye sasa ni marehemu, Mungu amrehemu, na bado nina kinyongo naye. Alikuwa mtu mwema. Aliogopa maneno ya watu, na watu wenyewe hata hawakumbuki msiba ule. Nasikitika kuliko ninavyoweza kueleza kwamba mwanamke aliyelisha timu nzima bila kuombwa aliomba kitu kimoja tu, na kikamshinda mtu kumpa.

Ndiyo maana asubuhi ya pili, baada ya jirani kunicheka, niliamka mapema nikachemsha magimbi. Nikasimama mlangoni na sufuria. Vijana wakaja, viatu vizuri vya rangi, kila mmoja peke yake ingawa walikuwa kundi. Nikajikaza, nikaita kwa sauti ambayo haikuwahi kuwa nzuri: “Bibi wa magimbi, hodi!”

Wakapita. Msichana wa mwisho akaniona mdomo unachezacheza, akachomoa kidude sikioni.

“Shikamoo, mama. Umeniita?”

“Marahaba, mwanangu. Hapana. Nilikuwa naimba.”

“Oh. Nyimbo gani?”

Nikafungua mdomo nimweleze. Lakini wenzake walikuwa wameshafika darajani, naye alikuwa anawatazama kwa wasiwasi.

“Kimbia, utaachwa,” nikamwambia.

Akarudisha kidude sikioni, akaipita migomba ya bibi kimya kimya, kama wenzake.