Wamehamishia Maua Yangu Kaburini na Mimi Bado Nipo

Naomba ukurasa unifichie jina. Mimi ni bibi wa miaka sabini na tisa, mwalimu mstaafu, naishi Kanazi, Ngara. Moyo wangu umechoka na daktari hakunificha. Kabla sijaondoka nataka kusema jambo linalonitia aibu: namwonea kinyaa mwanangu wa kwanza.

Mbele ya nyumba yangu kuna uwanja wa nyasi. Mvua zikikolea, humo huchomoza okidi za porini, zenye maua ya zambarau, ambazo hakuna aliyezipanda. Marehemu mume wangu alikuwa akifyeka nyasi kwa kuzizunguka.

Mwanangu alikuja na mkewe kutoka Biharamulo kuniuguza. Siku moja, nikiwa kitandani karibu na dirisha, niliwaona wakipima uwanja kwa kamba.

"Maturubai mawili yanaenea," mkewe akasema. "Ila haya matope, wageni watatucheka."

Nikamwita mwanangu. "Wageni gani?"

Akaangalia viatu vyake. "Tunataka kumwaga zege tu, Mama. Pawe pasafi."

Sikugombana. Niliomba wasubiri maua yaishe na majani yakauke, ndipo wazihamishe okidi, kila shina na bonge la udongo wake. Ukiing'oa ikiwa na maua, inakufa.

Mkwe wangu akacheka. "Mama naye! Majani ya porini hayo, hata mbuzi hawayagusi."

Juzi niliamka kutoka usingizi wa mchana nikakuta nusu ya uwanja imechimbuliwa kwa jembe. Mwanangu akaniinamia akitabasamu: "Tumezihamisha vizuri, Mama. Tumezipanda pembeni ya Baba, pale utakapolala wewe."

Yaani kaburi langu halijachimbwa, tayari limewekewa maua! Na siku ya kunizika watayang'oa tena. Nikamwambia atoe mkono wake begani kwangu.

Tangu hapo uji anaouleta unanishinda. Akisema "Shikamoo, Mama," nageukia ukutani, mimi niliyemzaa. Katika familia yetu mtoto wa kwanza ndiye anayetupa udongo wa kwanza kaburini. Sitaki udongo wa mikono ile.

Mafundi wa zege wanakuja Jumamosi. Naweza kuwaita wanangu wengine, nizuie kazi na kumkataza mbele yao asinizike. Lakini nitawaachia ugomvi ambao sitakuwepo kuumaliza. Au niitikie salamu yake, ninyamaze, nife nikisikia wanakoroga zege dirishani?

Leo asubuhi nimechungulia. Katika nusu iliyobaki, okidi moja imefungua ua jipya, karibu kabisa na kamba yao.

Najua wengi mtaniambia nisamehe. Sawa, lakini hiyo Jumamosi nifanye nini? Nishaurini, wanangu.