Kipaji cha Mama Héritière

Siku ya kwanza Emérance kushika gongo la besiboli alikuwa amevaa gauni la kitenge na ndala, na wala hakutaka kulishika. Ilikuwa Juni 2016, kwenye uwanja mmoja wa Fridley, jimbo la Minnesota, Marekani, na wafanyakazi wa nyumba ya wazee alikofanya kazi walikuwa wakicheza na wenzao wa nyumba nyingine. Timu ilipungukiwa mtu. Jairus, nesi Mkenya aliyekuwa nahodha, akazunguka akibembeleza, na wote wenye akili wakakumbuka ghafla kwamba wana magoti mabovu. Emérance alikuwa amekuja kugawa sambusa tu, ila kukataa hakukujua. Mpira wa kwanza uliomjia aliupiga ukapita juu ya vichwa vya watu, ukavuka uzio, ukaangukia kwenye maegesho ya magari. Wa pili vilevile.

"Mama Héritière! Hii game umecheza wapi?" Jairus aliuliza, mikono kichwani.

"Sijacheza popote, kaka. Ni Mungu tu."

Hilo ndilo jibu kwao. Kanisani mwao, Wakongo wa milima ya mashariki, mtu akisifiwa kwa sauti yake au kwa upishi wake hasemi nilijitahidi. Anasema ni Mungu tu, na mazungumzo yanaishia hapo kwa heshima. Ni jibu zuri. Kwa mtu mwenye jambo asilotaka kuulizwa, ni zuri kupita kiasi.

Akawekwa kwenye timu ya kila Jumamosi, na habari zikaenea. Kazini walimpigia makofi akiingia na trei za chai. Mchungaji alimtaja madhabahuni kuwa mfano wa karama zilizojificha. Jairus, aliyekuwa akijifunza kwa video na kwa mashine ya kurusha mipira kila wiki kwa miaka mitatu, na bado mpira unampita, alijisalimisha kwa ucheshi wake: "Hii kitu huwezi funzwa. Ni talent. Ama umezaliwa nayo, ama unabebea wengine maji kama mimi." Emérance alicheka, akasema ni Mungu tu.

Aliyekuwa akiyasikiliza yote hayo kila Jumamosi, amekaa kwenye benchi za watazamaji, ni binti yake.

Héritière alikuwa na miaka kumi na miwili. Walipofika Minnesota miaka mitatu nyuma alikuwa mtoto wa kunyamaza. Mwaka mzima alikula chakula cha shuleni peke yake. Kilichomfungua mdomo ni timu ya wasichana ya softiboli, ndugu wa besiboli mwenye mpira mkubwa zaidi, chini ya kocha aitwaye Alice. Huko ndiko alikopata marafiki, huko ndiko alikoanza kualikwa kwenye sherehe za kuzaliwa. Sheria za mchezo Emérance hakuzielewa hata nusu. Alielewa kwamba mwanawe hurudi nyumbani anacheka, na hakutaka kitu chochote duniani kimnyang'anye kicheko hicho.

Shida ni kwamba Héritière hakuweza kupiga. Kocha Alice alisema kupiga hufundishwa kama kusoma: mguu hivi, kiwiko hivi, rudia mara mia. Mtoto akarudia. Mechi tisa zikapita hajaugusa mpira. Mwanzoni alikuwa akilia. Baadaye akaacha kulia, na hapo ndipo mama yake alipopaswa kushtuka, lakini hakushtuka.

Jumapili moja ya Julai, wakitoka kanisani, Héritière alimwonyesha mfuko wenye sare zake, zimekunjwa vizuri.

"Nitazirudisha kesho, Mama. I'm done."

"Kwa nini, mwanangu? Umechoka?"

"No." Kisha akaendelea kwa Kiswahili, polepole, ili mama asikose hata neno. "Mungu alikupa wewe. Mimi hakunipa. Nimemwomba kila siku, na hakunipa."

Emérance alisimama na funguo za gari mkononi, aibu ikamchoma mpaka masikioni. Kwa maana alikuwa amedanganya, tena kwa kulitaja jina la Mungu. Hakuzaliwa na kitu. Alifundishwa.

Hawakwenda nyumbani. Aliendesha mpaka kwenye bustani moja ya Coon Rapids, mji wa karibu, wakaketi kwenye nyasi, na hapo akatamka jina ambalo halikuwa limetoka kinywani mwake kwa miaka kumi na minane.

"Nilikuwa na kaka. Anaitwa Twagirayezu."

Héritière alimtazama. Babu na bibi aliwajua kwa picha, mashangazi aliwajua kwa simu. Mjomba hakuwahi kumsikia.

Akamweleza. Milimani, wakichunga ndama, kaka yake alimrushia magunzi ya mahindi naye akiyapiga kwa fimbo. Gunzi halina adabu hewani, linapinda linavyotaka. Akilikosa, Twagirayezu alimjia, akamgonga kifundo cha mguu kwa kijiti: umekanyaga mapema. Akarudi, akarusha tena. Umetazama mkono wangu, tazama gunzi. Tena. Misimu minne ya mahindi, mpaka akawa halimponyoki hata moja.

"Mwaka wa kwanza nilikuwa hovyo kuliko wewe," alisema. "Alinicheka mpaka akakaa chini."

Vita vilipofika, familia ilikimbia. Twagirayezu alirudi kufungua zizi, ndama watoke. Hakuonekana tena, hai wala maiti.

"Why didn't you tell me?"

"Nikimtaja, nalia. Nikianza kulia, nani atawapikia? Ikawa rahisi kumsingizia Mungu."

Mtoto akainuka. Kisha akaenda kwenye gari, akarudi na gongo na mpira. "Nirushie."

Emérance akarusha. Mpira ukaanguka miguuni pake. Wa pili ukaingia kichakani. Mwanamke aliyesifiwa mpaka madhabahuni hakujua kurusha mpira hatua kumi, na Héritière akacheka, kicheko cha kwanza baada ya wiki nyingi. Akajiweka tayari tena, akaitazama mikono yake juu ya gongo.

"Mama, na mjomba alikuwa anapiga vipi? Alishika namna gani?"

Emérance alifungua kinywa ajibu. Akatafuta. Aliuona mkono wa kaka yake ukirusha, akamwona akiokota magunzi na kuyapakata kwenye shati. Fimbo hakuiona mkononi mwake. Ilikuwa mkononi mwake yeye Emérance, siku zote, misimu yote minne.

"Sijui, mwanangu," alisema. "Sikumpa zamu hata mara moja."

Akalia kwa sauti, mchana kweupe, mbele ya wageni waliokuwa wakichoma nyama zao. Héritière akaweka gongo chini, akaja akamshika.