Mayai ya Chozi Barazani Kwangu

Mama alikubali kuteremka kutoka Mpale, milimani, kwa sharti moja: miguu ikipata nafuu, nimrudishe. Nilimwambia sawa, huku moyoni nikijua simrudishi. Kule anaishi peke yake, zahanati iko mbali, na baridi ya asubuhi inamwingia magotini. Hapa Manundu, bondeni, kuna umeme, kuna kitanda kizuri, na mimi nipo. Nikaona mambo yamekwisha.

Siku ya tatu chozi, yule ndege mdogo anayefyonza maua, akaanza kujenga kwenye kamba ya katani ninayotundikia nguo za wateja barazani, hatua mbili kutoka kwenye cherehani yangu. Mama akahamishia kiti chake pale, akabadilisha sharti. "Nitakaa mpaka huyu aangue. Siku kinda likitoka, unanirudisha kwangu." Tangu hapo, Mungu anisamehe, nikawa naomba mayai yachelewe.

Yai la kwanza lilipotagwa, ndege akaondoka zake mchana kutwa. Nikamsema kwa uzembe. Mama akacheka.

"Anasubiri la pili. Akilalia moja mapema, huyo atatoka kabla ya mwenzake, halafu atamzidi nguvu kwenye chakula. Hata kuku wangu wanajua hilo."

Kweli, la pili lilipofika chozi akatulia ndani, mdomo tu ukichungulia tunduni.

Wiki iliyofuata likaja jua la kuchoma kisawasawa. Saa saba mchana nilirudi kutoka sokoni nikamkuta chozi juu ya kamba, mdomo wazi, mabawa kayaachia, haingii ndani. Kiota kilikuwa kimenenepa. Mama alikuwa amechana mto wake, akakizungushia sufi na kipande cha sweta, akabakiza tundu tu.

Nikafoka. Mimi nikishapandwa na hasira husahau ninasema na nani.

"Mama, hapa si Mpale! Yai likizidi joto mtoto anafia humohumo! Utayapika!"

Mama alisimama, akaanza kubandua sufi kwa vidole vilivyovimba.

"Wewe ulizaliwa kabla ya miezi kutimia," alisema. "Ukungu ulikuwa unaingia mpaka ndani. Nilikuviringisha kwenye sufi, nikakulaza karibu na mafiga, kila nikiamka nakugusa kama una joto. Ukapona. Mimi najua hivyo tu."

Kanga yake ilikuwa imelowa jasho mgongo mzima. Akaongeza, bila kunitazama, "Na mimi je, mwanangu? Joto hili kwangu hulioni?"

Niliona aibu mpaka nikakaa chini. Kila jioni nilikuwa nikimfungia madirisha, nikimfunika blanketi, na miguu ilivyozidi kuvimba nikalaumu chumvi.

Nililowesha gunia nikalitundika upande wa jua, kivuli kikafunika kiota na kiti cha Mama. Kabla ya alasiri chozi akarudi ndani. Tangu siku hiyo nililowesha gunia kila mchana, na sasa nikawa naomba kwa dhati mayai yaanguliwe.

Moja lilianguliwa. La pili halikufanya kitu. Labda ni joto la siku ile, labda halikuwa na mbegu tangu mwanzo. Mama alichungulia kwa muda mrefu kile kiumbe chekundu kisicho na unyoya hata mmoja, akasema mmoja anatosha. Mimi ni mtoto wake wa pekee. Nililia nikijifanya natafuta sindano.

Kesho yake nilifunga cherehani tukapanda gari la Mpale. Tulipoingia kwenye ukungu, alifungua dirisha, akavuta pumzi ndefu, na uso wake ukachangamka kwa mara ya kwanza tangu ateremke. Mimi meno yalikuwa yanagongana. Mama akavua kanga ya mabegani, akaniviringisha nayo, akapitisha mkono shingoni kwangu kuona kama nina joto.

"Imetosha?" akaniuliza.

"Imetosha, Mama."